Ukosini

Wengine wana picha za watu wakubwa ukutani.
Mimi nilikuwa na Bi Nkwimba Masalu,
muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba,
ambaye hata siku ya mzigo
alikuja kama aliyealikwa.

Gauni lake la kazi lilikuwa na mifuko minne:
wa simu, wa daftari, wa chenji,
na wa nne, aliniambia,
"huo ni wa kuonekana tu, mwanangu."
Vumbi la dagaa lilimkalia begani, halifuti.
Kilemba alikifunga upande, fundo juu ya sikio la kushoto;
ukiona fundo limehamia kulia
usimwombe mkopo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne,
nikihesabu misimu yake
kama kaka zangu walivyohesabu magoli.
Vuli ile ya kitenge cha mkia wa tausi.
Kiangazi cha kaniki, miezi mitatu nyeusi tii
na ushanga mmoja mweupe wa bibi yake wa Magu.
Masika ya mikono mipana, mipana hivi,
hata kwenye kivuko cha Kamanga upepo ukaijaza
na abiria mmoja akashika chuma, akicheka.
Bi Nkwimba akamtazama taratibu:
"Cheka, kaka. Nauli umelipia maji tu,
mimi ni nyongeza."

Nilikuwa na majina mengine pia, sikatai.
Mlango Mmoja, alfajiri, mabelo yakikatwa kamba,
nilijifunza kusoma nguo kuanzia ukosini:
mamba mdogo, farasi mdogo,
herufi mbili zilizopeana mgongo,
Kitaliano nisichoweza kukitamka.
Nilizikata lebo kwa wembe
nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Usiku nikizipanga kitandani
chumba chetu cha Mabatini kilijaa wageni wa heshima,
wote bila nguo.

Bi Nkwimba alipoliona kopo alicheka mpaka akakaa chini.
Kisha akageuza ukosi wake mwenyewe:
kipande cha bafta, uzi mwekundu, mkono wa haraka,
LUSATO, MITI MIREFU,
na chini yake namba, 212.
"Fundi wangu anahesabu," alisema.
"Kila nguo na namba yake.
Siku akirudia, nitajua amezeeka."

Miaka ikaenda. Fundi Lusato akazikwa kwao Ukerewe.
Mimi nikapata meza yangu, palepale Mlango Mmoja.

Juzi nimefungua belo la Kanada.
Majaketi ya theluji, soksi za sufu,
na chini kabisa, limekunjwa kama barua,
gauni la kitenge, mikono mipana.
Niligeuza ukosi kwanza, mazoea hayana dawa.
Bafta. Uzi mwekundu.
LUSATO, MITI MIREFU, 388.
Lilikwenda ng'ambo kwa ndege,
limerudi kwa kilo.

Nikafunga meza saa tatu asubuhi, nikaenda Igoma.
Magoti ya Bi Nkwimba hayamtii siku hizi,
lakini fundo bado liko kushoto.
Alilipokea gauni, akapima pindo kwa vidole.
"Si langu. Langu huwa vidole vitatu.
Hili viwili, mwenyewe alibana hela."
Nilitaka kucheka. Ndipo akaisoma namba.

Akaniagiza sanduku la chini ya kitanda.
Tulifukua tausi, tukafukua kaniki,
tukafika kwenye gauni moja la rangi ya ukwaju
ambalo sikumbuki kumwona nalo.
Akaligeuza ukosi.
388.

Akaziweka lebo mbili pamoja kwenye paja,
akazipapasa kwa kidole gumba,
hii, halafu hii.
"Kumbe," alisema.
Na baadaye kidogo:
"Na mimi nilikuwa namgombeza achelewapo."

Nje mtu alipita akinadi maandazi.
Sikuwa na wembe, na hata ningekuwa nao.

"Haya, livae," akasema, bila kunitazama.
"Tuone bega."

Nikalivaa.
Bega lilikaa.